Siku Simu ya Mama Ilipopakiwa Kontenani

Mwaka huu nilimaliza kununua nguo za watoto pale soko la Liuhua, Guangzhou, siku moja kabla ya kurudi nyumbani, na wakala wangu akaniuliza ningependa kutembea wapi. Nikamwambia nataka bahari. Alicheka, maana sisi wafanyabiashara tukipata siku ya bure huwa tunalala au tunafukuzia mali ya mwisho mwisho. Akanikatia tiketi ya treni ya kasi, na kwa kweli, rafiki yangu, nilifika kabla sijamaliza chai niliyoibeba. Zamani safari hiyo ilikuwa ya basi, kuanzia alfajiri hadi karibu adhuhuri. Niliifanya mara moja tu, nikiwa na miaka kumi.

Sisi ni watu wa Njombe, kwenye baridi na ukungu. Mama alikuwa huko Guangzhou, China, akinunua viatu na kuvituma nyumbani, na mimi nililelewa na bibi. Bibi alipovunjika mguu, nikakabidhiwa kwa mfanyabiashara mwenzake mama aliyekuwa anasafiri, nikapelekwa kukaa kwa mama mwaka mmoja. Dar es Salaam tulipita usiku, kutoka stendi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, kwa hiyo bahari niliendelea kuisikia kwa watu tu.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya sita, na ngazi zilinuka tangawizi na samaki mkavu. Majira ya mvua kuta zilitoka jasho, na nguo zilikaa kwenye mianzi ya dirishani siku tatu bila kukauka. Asubuhi nilitumwa chini kununua maziwa ya soya ya moto, nikipita chini ya mabata bukini waliobanikwa wakaning'inizwa dirishani kwa shingo zao, nao nilikuwa nawaogopa. Nikirudi, mama alikuwa ameshaanza kazi. Mlio wa selotepu ikivutwa juu ya maboksi ndio ulikuwa muziki wa nyumba yetu.

Mapumziko yake yalifuata kontena. Likishafungwa, ndipo tulipotembea. Baada ya kontena la kwanza tulipanda Mlima Baiyun. Mama alisema kwetu hicho wangekiita kilima, lakini tulipofika juu alinishika bega, akanigeuzia mjini. Mji haukuwa na mwisho. Kila nilipodhani majengo yameisha, ukungu ulisogea yakatokea mengine, nikashika gauni lake nisije nikaanguka humo. Baada ya la pili tulikwenda kuangalia sanamu ya mbuzi wa mawe kwenye bustani moja ya mji, mkubwa wao ameuma masuke ya nafaka, yuko juu kuliko nyumba ya bibi. Nikaomba bahari. "Kontena lijalo," akasema. Yakapita matatu.

Bibi akapona mguu, shule ikapatikana, na tiketi yangu ikakatwa ya siku ya Jumanne. Wiki hiyo nilimsikia mama akimwambia jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akinunua vyombo, "Chumba chenyewe hakina nafasi." Sikusikia kilichotangulia wala kilichofuata. Lakini unielewe nilikokuwa. Katika chumba kile kila kitu kilipimwa kwa utepe kabla hakijaamuliwa kiende au kibaki, na mama alikuwa na msemo wake, "Hatusafirishi hewa," ndiyo maana hata ndani ya mabeseni alijaza soksi. Nikaamini kwamba nimepimwa, nimeonekana nakula nafasi, narudishwa. Sikumwambia mtu.

Jumapili ya mwisho ikapangwa kuwa ya bahari. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alifunga mzigo, kalamu ya wino mzito mkononi, akiandika alama yake kwenye kila mfuko, kama wanavyofanya wote wanaochangia kontena moja. Mfuko wetu wa safari nao ulikuwa pale mlangoni: taulo, nguo yangu ya kuogelea ya njano, chapati, mayai ya kuchemsha, na simu yake aliyoiweka juu kabisa asije akaisahau. Mkono ulishazoea. Ukautia alama na huo.

Wachukuzi walikuja mapema, mlango umeachwa wazi kwa ajili yao, tukiwa bado tunanawa uso bafuni. Walichukua kila chenye alama, wakashuka.

Mama alipofungua mlango wa bafuni akakuta kapeti tupu. Alibaki ameshika kitasa. Simu ile ndiyo iliyokuwa na namba za viwanda vyote vya viatu, kazi ya miaka minne, na hakuwa na daftari lingine. Jirani akatoka na simu yake, akapiga namba ya mama. "Yaita," akasema. Akapiga tena, safari hii kwa laoban, bosi wa godauni, akabishana naye kwa Kichina chake cha sokoni, kisha akamgeukia mama. "Laoban asema mizigo ishaingia, hawezi kupekua. Lakini milango haifungwi mpaka saa sita. Shika teksi saa hii uende mwenyewe, dada, utaipata."

Nilijua ataenda. Mama huyu aliwahi kuvuka mji mzima kufuata kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Nikaanza kuvua viatu vyangu taratibu, nivirudishe uvunguni.

Mama aliniangalia. "Vaa," akasema. Jirani akaipigia tena ile simu, labda akidhani hakuelewa, nasi tukasikia ikiita kwa mbali ndani ya simu yake. "Iache iite," mama akasema. "Basi letu linaondoka."

Nitakuelezaje bahari? Kwanza nilidhani ni ukungu wa Njombe umelala chini. Halafu ule ukungu ukasogea, ukaja mpaka miguuni mwangu, ukarudi, na nikaona hauna upande wa pili. Nililia. Si kwa woga. Ni ukubwa wake tu ulinizidi. Watu walijaa na miavuli na maboya ya rangi, wakaomba kupiga picha na sisi, mama akakubali wote. Tulikula mahindi ya kuchemsha na chaza waliochomwa kwa vitunguu saumu, mimi nikamtema wa kwanza, nikaomba wa tatu.

Mama aliingia majini na gauni lake la kanisani. Sikuwahi kumwona amesimama mahali bila kufanya kitu. Mara kwa mara mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu, ukakosa, ukaja kunishika mimi. Alinilaza juu ya maji, kiganja chake chini ya mgongo wangu, na hapo, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa majini na sikuisikia vizuri sauti yangu mwenyewe, nilithubutu kumuuliza, "Mama, mimi nachukua nafasi kubwa?"

Alinisimamisha. Akaniuliza nani kasema, nikamwambia nilimsikia yeye na jirani. "Nilikuwa nasema chumba hakina nafasi ya wewe kusomea," akasema. "Hakuna hata meza ya kuweka daftari. Wewe sijakupima na sitakupima." Akanikumbatia, tukapigwa na wimbi sote wawili, tukameza maji ya chumvi, akacheka mpaka akakohoa.

Mfuko ulifika Dar es Salaam baada ya wiki nyingi. Shangazi aliyeupokea anasema chapati zilikuwa zimeota ndevu. Simu haikuwaka tena, na namba za viwanda mama alizitafuta upya kwa miguu, duka kwa duka.

Nilimpigia nikiwa pale pale ufukoni, mwaka huu. Yuko Njombe sasa, analima viazi. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza, kwa nini hakuifuata simu.

"Mzigo nilijua utafika," akasema. "Wewe sikujua nitakupata tena lini."

Alinipata baada ya miaka tisa, aliporudi Njombe. Nilikuwa msichana mrefu, nikapiga goti nikamwamkia shikamoo kama nilivyowaamkia wageni wote wa bibi, nikampokea mkoba, nikamuuliza habari za safari. Tunapendana, mimi na mama, hapitishi siku bila kunipigia. Lakini yule mtoto aliyemlaza juu ya maji hakumpata tena, na mimi yule mama aliyecheka mpaka akakohoa sikumpata tena. Katika miaka yote tuliyopaswa kuishi pamoja, tulipewa Jumapili moja.