Mshona Maturubai Asiyejua Kama Anarudi au Anakwenda

Ni Ijumaa asubuhi, na upepo wa Ceduna, mji wa pwani kusini mwa Australia, umeamka kabla ya watu. Pnina Zylberman amekaa nje ya karavani yake, nyumba ya kukokotwa na gari, katika kambi ya wasafiri; turubai limemfunika magoti kama blanketi, na cherehani yake nzito inalimeza pindo taratibu. Anajitahidi amalize. Jua likizama inaingia Sabato, na hataigusa tena mashine hiyo mpaka nyota za kesho zionekane.

Mwenye turubai, Mzee Clem, jirani wa nafasi inayofuata ya kuegesha, yeye hana haraka. Amekuja na ndoo mkononi.

"Nimekuletea chaza," anasema.

"Mzee Clem, juzi nilikwambia hatuli chaza."

"Ulisema hamli nguruwe."

"Nguruwe na chaza. Dini yetu."

Mzee anaitazama ndoo yake, halafu anaitazama bahari. "Sasa mtu asiyekula chaza anakuja Ceduna kufanya nini?"

"Ndiyo maana nyumba yetu ina magurudumu," Pnina anamjibu, macho hayajatoka kwenye sindano.

Clem anacheka mpaka anashika kiuno. Hata hivyo ndoo anaiacha. Itaishia kwa wajukuu wa mwenye kambi, kama zile mbili zilizotangulia.

Pnina ana miaka arobaini na mmoja. Kwao ni Melbourne, mtaa wa Caulfield, ambako alikuwa na kiduka cha kushona mapazia na kuvisha viti nguo mpya. Ugonjwa ulipoingia mjini watu wakafungiwa ndani, kiduka kikafa. "Nilikaa ndani mpaka nikaanza kuongea na kuta," anasema. Mlango ulipofunguliwa, yeye na mumewe Anshel wakauza nyumba, wakanunua karavani, wakawapakia watoto wawili. Walisema wanakwenda kwa mwaka mmoja.

Huu ni mwaka wa nne. "Hakuna siku tuliyokaa tukaamua tuendelee," anasema Pnina, na unaona kweli jambo hilo linamshangaza mwenyewe. "Kila mara tulisema tutaamua mji unaofuata."

Kazi haikosekani. Kila kambi ina turubai la kivuli lililochanika, na wasafiri wengi hawajui hata kutunga uzi. Wiki nzuri humpa dola mia tisa, na mafuta ya gari hula karibu nusu. "Wenzangu wote wanaomba upepo utulie," anasema. "Mimi naona aibu kusema ninachoomba."

Anshel alikuwa mwalimu wa hesabu, na sasa shule yake ni meza ya kukunja chini ya kivuli. Asubuhi ni Kiebrania, baadaye hesabu. Gidi, mwenye miaka minane, hujifunza sehemu na desimali kwa kumpimia mama yake vitambaa, na akikosea kitambaa kinapungua kweli. Mama mmoja wa kambini alimuuliza kwao wapi. Mtoto akajibu, "Nafasi ya kumi na nne, karibu na vyoo."

Si mama huyo peke yake asiyejua kwao ni wapi. Mlango wa kila nyumba ya Kiyahudi hupigiliwa mwimoni kijikasha chenye maandiko ndani, na anayekipigilia husema baraka. Siku walipohamia karavani walimpigia rabi wao simu, wakamuuliza na huu mlango je? Rabi alifikiri sana. Akasema wakipigilie, ila baraka waiache, kwa sababu hana hakika kama hiyo ni nyumba.

"Hata rabi hajui tunaishi wapi," anasema Pnina.

Wiki hii kutojua huko kumekuwa kuzito. Mama yake Anshel, ambaye watoto humwita Buba, amempatia Tova nafasi katika shule ya wasichana Melbourne. Tova ni binti yao mkubwa, ametimiza miaka kumi na miwili. Shule inataka jibu Sabato ikitoka, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kutoka Ceduna barabara ni mbili: mashariki ni kwa Buba, magharibi ni jangwa na mwisho wake Perth, walikokuwa wamepanga kwenda. Buba hakumung'unya maneno kwenye simu. Alisema mtoto si turubai, hakunjwi kila Jumapili.

Tova alipoulizwa Jumatano alisema anataka shule. Alhamisi akasema hataki. Pnina alikuwa anatunga uzi alipomsikia akimweleza mdogo wake mambo ya marafiki.

"Mimi siku hizi simuulizi mtu jina mpaka siku ya tatu," alisema Tova. "Wengine wanaondoka kabla."

Pnina anasema siku hiyo alishona pindo zima upande usio wake. Ilibidi alifumue lote.

Jumamosi mashine imefunikwa. Wamekula kuku wa jana na mkate wao wa kusukwa, na Tova anafanya mazoezi ya sala ya safari, ambayo husomwa wakishatoka mjini. Kwa kuwa kwao msichana wa miaka kumi na miwili ni mtu mzima kidini, baba yake amemkabidhi kazi ya kuisoma. Anasoma vizuri. Halafu anasimama.

"Hapa pa 'uturudishe nyumbani kwetu kwa amani.' Tunasema au hatusemi?"

Anshel anamwambia hapo huruka. Maneno hayo ni ya mtu anayetoka na kurudi siku ileile, na yeye hajayasema tangu walipoondoka Melbourne.

"Mimi huwa nasema," anasema Pnina.

Anshel anageuka. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kimoyomoyo."

"Nyumbani wapi, Pnina?"

Hamuulizi kwa ugomvi, anauliza kama mtu anayeulizia njia. Pnina anakusanya makombo ya mkate mezani, akiwaza. Ile nyumba ya Caulfield haiwezi kuwa, ina watu wengine na mlimau wake umekatwa.

Gidi anawashangaa wote wawili. Yeye siku zote amejua ni karavani, ndiyo maana wakitoka kuogelea wanaikuta palepale.

"Kwa hiyo Mama anataka kurudi, Baba ndiye hataki?" anauliza Tova.

"Mimi?" anasema Anshel. "Mimi nilidhani mama yako ndiye hataki. Baada ya zile kuta. Nimeendesha miaka yote hii kwa ajili yake."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye unayeipenda barabara," anasema Pnina.

Wanatazamana. Hakuna anayecheka ila Gidi, naye hajui anacheka nini.

Baadaye, akitembea ufukweni, Pnina anasema ugunduzi huo haukumsaidia. "Nikisema nataka kurudi nitakuwa nadanganya. Nikisema sitaki, nadanganya vilevile. Ninachokijua ni kimoja tu, kwamba mwanangu hana rafiki."

Jua linapokaribia kuzama, Tova anamfuata.

"Na nikifika huko nikakuta sipapendi?"

"Utakuwa umekosea."

"Mama!"

"Utakuwa umekosea sote tukiwepo. Hatukupeleki tukakuacha."

Nyota zikionekana simu inalia, na wote wanajua ni nani. Pnina anaipokea yeye. Anamwambia mkwewe kwamba wanakuja, kwa muhula mmoja, na wataegesha karavani uani kwake.

Sauti ya Buba inasikika mpaka nje. "Juu ya maua yangu?"

"Juu ya maua yako, Mama."

Kisha Buba anauliza karavani yao ina upana gani.

Tova analia, na akiulizwa analilia nini anasema hajui. Mzee Clem, aliyefuata turubai lake, anasimama nje hajui aingie au aondoke.

Pnina ana mpango, ingawa anauita nusu ya mpango. Melbourne atatafuta viti na mapazia ya kushona. Muhula ukiisha watatoka wote wanne, mbali na Buba, waegeshe mahali, na kila mmoja aseme anataka nini bila kukisia moyo wa mwenzake.

"Mmoja mmoja, kwa sauti," anasema. "Anayejua aseme. Na asiyejua naye aseme hajui, tumsikie. Nadhani wa kwanza nitakuwa mimi."