Redio ya Bi Tatu

Usiku ule sikustahili ndoto njema, na wala sikuipata. Mchana wake nilikuwa nimemdanganya mjane wa mtu aliyenifundisha kazi, tena kwa macho makavu kabisa.

Bi Tatu aliniletea redio ya marehemu mumewe, Fundi Kibwana. Bodi ilikuwa kuukuu, na lehemu, ile risasi inayoshika vipuri, ilikuwa imefifia na kushika ukungu. Fundi alikuwa na sharti moja: lehemu chafu haifunikwi. Husuguliwa kwa mswaki na spiriti mpaka ing'ae, ndipo chuma cha moto kiiguse. Mimi nikalipua kazi. Nikayeyushia lehemu mpya juu ya uchafu, redio ikaongea, nikampa. Siku ya tatu ikazimika. Aliporudi nayo nikamwambia, "Mama, hii umeiangusha."

Basi nikalala, nikamwona Fundi. Amekaa kwenye kiti changu, na lile shati lake la kaki, redio imefunguliwa mbele yake. Anasugua. Mswaki unakwenda taratibu, spiriti inanukia. Mara hatuko dukani tena, tuko sebuleni kwake, na bado anasugua, wala hanitazami.

"Shomari, Tatu aliiangusha?"

Najua kwamba anajua. Mtu nimemzika kwa mikono yangu, namficha nini? Lakini nikajibu, "Ndiyo, fundi." Hata marehemu nimemdanganya. Aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka moto.

Hakunigombeza. Afadhali angenizaba kofi. Aliipuliza bodi, akanionyesha: lehemu yangu imebanduka, chini yake ni weusi mtupu.

"Mimi nimekufa," akasema, "sina la kukufanya. Nenda kwa aliye hai."

Nikaamka jasho linanitiririka. Kulipokucha sikungoja hata chai. Nilimkuta Bi Tatu anafagia uwanja, nikamwamkia, na kabla sijafungua mdomo tena akaniwahi.

"Mwanangu, nisamehe kwa kukubishia jana. Nimefikiri sana. Labda kweli niliiangusha, na uzee huu, nikasahau."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaupokea ule ufagio mkononi mwake, nikauweka chini.

"Mama, hukuangusha kitu. Nililipua kazi, nikakusingizia."