Sekunde Mbili

Mwalimu wa hesabu hufundisha roho juu, sikio moja likiwa dirishani, tangu mumewe, fundi vyuma, alipopewa kazi ya kukarabati mnara wa tangi la maji la shule. Nyundo ikilia kule juu, yeye hufundisha. Chaki humkatikia mkononi. Mafumbo ya milinganyo ya kipeo cha pili huyasoma taratibu, na majibu yakitoka mawili, lile la hasi hulifuta kwa kiganja: "Hili halipo duniani." Kisha hujipangusa kwenye sketi. Leo kitabu kina jiwe lililodondoka kutoka mnara wa mita ishirini. Je, litafika chini baada ya muda gani?

"Mwalimu, swali hilo la jiwe umeliruka," akasema msichana wa dawati la mbele.

Basi akaandika, 5t² = 20, mkono mzito. Mara nyundo ikanyamaza. Chaki nayo ikasimama.

"Si ni sekunde mbili, Mwalimu?"

Zilikuwa zimeshapita, na nyingine, na nyingine. Hakuthubutu kugeukia dirisha. Nje, nyundo ikagonga tena.

"Ni mbili," akasema, na kiganja kikafuta ubao mzima, jibu na yote.