Rangi ya Sadrack

Pale mtaani Dilala, Ndaya alijulikana kwa picha safi na mdomo mkali. Kila asubuhi kabla ya kufungua studio yake ya picha huzima taa, huvuta pazia, kisha hubandika kwenye kioo cha kompyuta kifaa chake kidogo cha kupimia rangi. Kioo hugeuka chekundu, kijani, buluu, na kifaa husoma na kusahihisha. "Mama Ndaya anapima mashini homa!" majirani humtania. Naye huwajibu, "Muniache! Kioo kikidanganya, sura zenu zote zitadanganya." Na ole wako umwombe akung'arishe ngozi pichani, utatoka na matusi.

Siku hiyo aliingia mama Domitille, na nyuma yake kijana wake Polycarpe, aliyebaki mlangoni. Kwenye machimbo walikochimba wote wawili, shimo lilikuwa limeporomoka na kumfunika Sadrack, pacha wa Polycarpe. Jeneza lilipigiliwa misumari kulekule mochwari, asiruhusiwe mtu kumwona. Watu wangeaga picha tu, na mazishi yalikuwa mchana uleule.

Ndaya akaifungua picha iliyotoka kwenye simu ya marehemu. Mama akatikisa kichwa.

"Huyu haiko mutoto yangu. Sadrack hakukuwa mweupe vile."

Ndaya akapima kioo upya. Hakikuwa na kosa. Simu ndiyo iliyomng'arisha kijana wa watu, kama simu zinavyowafanya vijana wote siku hizi, na picha zote mle zilikuwa hivyohivyo. Loo! Kifaa kinajua rangi ya kioo. Rangi ya mtu aliyekwisha kufungiwa ndani ya mbao kitaijulia wapi? Ndaya akajiona mnyonge kabisa.

Ndipo akamgeukia Polycarpe, akamwita aje akae, kama amwitavyo mwanawe. "Kuya, tata. Ikala hapa."

Akafungua pazia, akamkalisha kando ya kioo, akaanza kushusha weupe na kuongeza wekundu kidogo kidogo, mara atazame shavu la kijana, mara kioo. Polycarpe hakupepesa macho. Alikuwa akijitazama yeye mwenyewe akiwa maiti.

"Hapo," mama akasema. "Hapo ni yeye." Akaangua kilio, na Ndaya, na mdomo wake wote ule, akalia naye.

Picha ilipokwisha kutoka, Ndaya akataka kuifuta mashinini, kama alivyozoea kwa kila picha ya matanga. Polycarpe akamshika mkono, akamsihi kama dada yake mkubwa.

"Usifute, yaya. Rangi umeisha kuipata, ni yangu pia. Mi narudia mu shimo kesho kutwa."

Mama Domitille alisikia kila neno. Hakumkemea.

"Iache, mama Ndaya," akasema.