Ringi za Boti

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kufungua injini. Pale Kilindoni alitengeneza mashine za boti na pikipiki tangu enzi ambazo pikipiki za kisiwa kizima ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe alikuwa na moja ya zamani, ya zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mnunuzi wa mbata, nazi zilizokaushwa. Vijana wa bodaboda waliiita cherehani, kwa mlio wake.

Macho yake yalipoanza kufifia, wateja wakaanza kunijia mimi. Walifanya kwa adabu. Walimwamkia shikamoo, wakaketi naye kidogo, kisha wakakokota pikipiki zao hadi upande wangu. Mjomba hakuwa mjinga. Njia alikuwa bado anaiona, vitu vidogo ndivyo vilivyompotea. Siku moja aliniambia, bila hasira, kwamba watu wanamzika angali hai. Akataka tuifumue injini ya pikipiki yake na kuiunda upya, ili asubuhi ya Idi aiendeshe mwenyewe hadi Utende kwa mama yangu, na mji mzima uone kwamba fundi bado yupo.

Tuliifanya kazi ile Ramadhani yote, kila siku baada ya alasiri. Mimi nilifungua, yeye alipapasa. Chumvi ya hewa ilikuwa imekula hadi kwenye mapezi ya silinda, na boliti mbili zilikatikia ndani. Alipitisha kidole gumba ndani ya silinda, akasema bado nzima. Zilizokwisha ni ringi za pistoni. Nikaziagiza Dar es Salaam kwa muuza vipuri vya zamani, naye akanipiga kalenda mpaka akaacha kupokea simu.

Siku mbili kabla ya Idi nilifanya jambo ambalo mafundi wa kisiwa hiki hulifanya kila wanapokwama. Nilichukua ringi za mashine ya boti, mpya kabisa, zilizokaribiana na zile kwa ukubwa, nikazipiga tupa kwenye ncha mpaka zikaingia. Mjomba mwenyewe aliwahi kuazima hivyo mara nyingi. Kosa langu lilikuwa mwanya. Ringi ikiwa ndani ya silinda, ncha zake mbili huachiwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari muda wote, kwa hiyo nafasi hiyo huwa finyu. Pikipiki ile ilipozwa na upepo tu, ikahitaji zaidi. Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nimeshinda kwenye mashine za wavuvi, na siku ile nilikuwa na haraka, mkono ukapima ulivyozoea.

Aliponiuliza ringi nimezipata wapi, nikasema zimekuja kutoka Dar. Akataka azishike. Nikasema nimeshafunga. Silinda ilikuwa bado mezani, nimeifunika gunia. Nilimdanganya mtu ambaye macho yake yalikuwa mikononi, kwa sababu niliogopa asije akaniambia nianze upya.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, aliipiga teke mara moja tu ikawaka. Watu walitoka msikitini wakamzunguka na kumpa mkono, hata wale waliomkimbia. Nilifurahi mno, na aibu ya furaha ile ninayo mpaka leo. Akaondoka na kanzu yake mpya, mimi nikamfuata nyuma kwa pikipiki nyingine. Alikwenda polepole kwa muda. Barabara iliponyooka akaongeza moto, na haukupita muda injini ikakamata, pistoni ikakwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma likagoma papo hapo. Nilimwona akiruka na kuangukia ubavu.

Nyonga ilivunjika. Kutoka hospitali alirudishwa nyumbani akalazwa chumba cha mbele, na hakuinuka tena. Baada ya siku chache aliniagiza nifungue injini nimletee pistoni. Ningeweza kumpelekea nyingine. Nilimpelekea ileile. Tulikuwa wawili tu chumbani. Akapitisha ukucha kwenye ringi, kutoka ncha hadi ncha.

"Hii ya boti," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Ningekwambia uikate zaidi."

Nililia mbele yake. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza.

Alasiri walikuja wateja wetu kumjulia hali, na mmoja akauliza kilichoiua injini. Mjomba akawaambia kwamba alisahau kutia oili kwenye petroli. Alisema huku akicheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa ugoni na uzee wake. Nikafumbua mdomo. Akanigeuzia uso, nikaufumba. Nyumba ile sasa ilikula kwa mkono wangu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini nisiisingizie nyumba: niliufumba kwa woga.

Tulimzika Miburani kabla ya Idi ya kuchinja. Matangani nilisikia wazee wakisema alikuwa fundi hasa, ila mwishoni akili ilimwacha, maana kusahau oili ni kosa la mtu asiyejua injini.

Mpaka leo, mteja akileta pikipiki ya kuchanganya, waliokaa kwenye benchi la gereji humkumbusha asije akasahau oili kama yule mzee. Hawasemi kwa ubaya. Kisha hunigeukia mimi, mpwa wake, nithibitishe kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nami huthibitisha.