Neema, chipu na redio yangu bubu

Wanangu, mmenitupa huku Kiomboi mpaka kuku wamewasahau. Aibu yenu!

Sikieni ya leo.

Mjukuu wangu Neema kaja na fomu ya chuo, mwisho kesho. Asomee kubuni chipu, vile vidude vilivyo ubongo wa simu na kompyuta, au kuunda mashine zinazoendeshwa na chipu?

"Mashine," nikamkata. "Chipu nani ataiona?"

Akafungua redio yangu bubu, ile iliyokusanya kijiji kizima cha ujamaa.

"Bibi, vingine vyote vizima. Kimekufa kidude hiki tu, transista, babu wa chipu, na hapa kwetu hakuna anayekiunda."

Kidogo kama mbegu ya alizeti!

Yaani tuliimba kujitegemea mpaka sauti zikakauka, kumbe roho ya redio ilikuwa ya kuagiza nje?

"Jaza chipu, mama," nikamwambia. "Upesi!"

Mkija, mleteeni redio zenu zilizokufa azipasue. Na shikamoo niisikie tangu mlangoni.