Mwanamke Aliyekataa Kufuta Nyayo

Ofelia Orduño hakuwa mtu wa kuogopa sanaa. Kila baada ya miaka miwili, wasanii wa mjini walipokuja kusimika vitu vyao jangwani nje ya kijiji cha Agua Parda, yeye alikuwa wa kwanza kufika, kofia ya majani kichwani na kiti cha kukunja kwapani. Alikaa mbele ya kila kazi, akaitazama mpaka akaridhika, kisha akatoa hukumu kwa sauti iliyowafikia hata wasioitaka. Nyumba ya vioo aliipenda. "Hii inajua ilipo," alisema. Ngazi ya chuma iliyopanda mita kumi na kuishia hewani hakuipenda hata kidogo. "Fundi kaishiwa vyuma, sisi tunaambiwa ni falsafa."

Wageni walicheka na kumpiga picha. Wenzake wa ghala la tende, alikochambua na kupanga tende kwa miaka thelathini na moja, walimtania kwamba amekuwa profesa uzeeni. Hakujali. Jangwa ni letu, alisema, na anayeleta kitu humo ajiandae kuambiwa.

Mwaka ule waandaaji wa maonyesho wakamwita ndani ya kazi yenyewe. Msanii mmoja wa ng'ambo, ambaye hakuna kijijini aliyewahi kumwona, alitaka uwanja wa mchanga mtupu, mkubwa kama viwanja viwili vya mpira, uliopigwa reki ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Basi, hakuna kingine. Pembeni kulijengwa jukwaa la mbao la kusimamia watazamaji, na bango lililoandikwa HAKUNA ALIYEPITA. Watu wa maonyesho walitafuta mtu wa kuusawazisha kila asubuhi, na kila waliyemuuliza alitaja jina moja. Wanawake wa Agua Parda wote hupiga reki ua wa nyumba zao jioni, ili asubuhi wajue nyoka amepita wapi na kama bado yumo chini ya ngazi. Lakini ua wa Ofelia ulikuwa unasimamisha magari barabarani.

Alikubali siku hiyo hiyo. Tusimsingizie unyenyekevu: alitaka. Miaka yote alikaa kwenye kiti akitazama za wenzake, na sasa yake ingetazamwa. Kila alfajiri alikwenda na reki yake mwenyewe, na jua lilipochomoza mistari ilikuwa imetulia kutoka ukingo hadi ukingo. Watu walikuja kutoka mbali, wakasimama jukwaani, wakanyamaza. Ofelia alikaa nyuma yao akiunywa ukimya ule kama kahawa.

Shida ilikuwa moja. Uwanja ule ulikalia njia. Haikuwa njia ya kwenye ramani, ila ndiyo waliyoipita watu wa Agua Parda tangu zamani kutoka nyumbani kwao hadi kituo cha basi la mashamba ya tende. Sasa iliwabidi wazunguke nusu saa. Wengi walizunguka huku wakinung'unika. Mdogo wake Ofelia, Evaristo, ambaye kila mtu alimwita Varo, hakuzunguka. Goti lake la kulia lilivunjika alipoanguka kutoka juu ya mtende, na tangu hapo mguu ule aliuburuta. Alikata katikati ya uwanja kila siku kabla hakujapambazuka, akaacha alama ya mguu mmoja na mfereji wa mwingine.

"Varo, unaniharibia kazi," dada yake alimwambia.

"Dada, wewe ndiye uliyeitandika kazi yako njiani kwangu."

"Zunguka basi. Wiki sita tu."

"Nikopeshe goti nizunguke. Hili langu limegoma."

Walicheka wote wawili, na asubuhi iliyofuata akamfuta tena. Wiki ya kwanza lilikuwa jambo la mzaha. Wiki ya pili likaanza kumchoma. Alikuwa akivuta reki juu ya ule mfereji wa mguu mbovu, anainua macho, anasoma bango, na anaona aibu. Ofelia aliyekuwa mkali kwa kazi za watu wote hakuthubutu kuitolea hukumu kazi aliyoishika kwa mikono yake.

Wiki ya tatu wengine wakachoka kuzunguka, wakamfuata Varo. Jumamosi moja Ofelia alifika akakuta nyayo za watu saba. Kabla hajaanza, msimamizi wa maonyesho, Tessa Halloran, alishatokea, na watazamaji wapatao arobaini, waliokuja kuona jua likichomoza, walikuwa jukwaani wakisubiri.

Hapa lazima nieleze jambo. Katika jangwa lile kuna magari ya serikali yanayoburuta matairi makuukuu ili kulainisha mchanga, nyayo za wanaovuka mpaka kutoka kusini zionekane. Mama yake Ofelia aliusoma mchanga kuliko madereva wa magari hayo, naye alimfundisha bintiye kusoma kila alama: ya panya, ya nyoka, ya mtu mwenye mzigo, ya mtu mwenye kiu. Akamfundisha pia kutomwambia alichosoma mtu yeyote anayekuja kuuliza. Kijijini ungesamehewa wizi wa kuku kabla ya kusamehewa kutaja mwenye nyayo.

"Ofelia," alisema Tessa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, asiye mbaya, ila hakufundishwa kwamba jina la mtu mzima halitajwi kavu hivyo. "Nasikia unaweza kusoma nyayo."

"Nasoma."

"Hizi ni za watu wangapi?"

"Wa kutosha."

"Ni akina nani? Nipe majina tu. Hatutawafanya kitu. Tutawaandikia barua, na mlinzi atawazuia."

Ofelia akanyoosha kidole. "Unamwona yule mbweha?"

"Yuko wapi?"

"Hapo, kapita saa kumi. Anza kumwandikia yeye."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Tessa akawa mwekundu.

"Nauliza kwa heshima. Unawajua au huwajui?"

"Nawajua. Mmoja namjua mpaka goti linalomuuma. Na sikwambii."

"Sawa, yaishe. Zifute basi, watu wanasubiri."

Ofelia aliutazama mchanga. Hasira ilimpanda, kidogo kwa Tessa na zaidi kwa nafsi yake.

"Sizifuti."

"Samahani?"

"Umenisikia. Nimezifuta asubuhi kumi na tisa, na kila nikirudi nyumbani najiona mwongo. Bango lenu linasema hakuna aliyepita. Wamepita! Mama yangu alipita hapa mimi nikiwa tumboni. Hilo bango ninyi mmelileta juzi na lori."

"Kama ni hivyo hatutakuhitaji tena."

"Vizuri. Mimi nakaa upande ule."

Akaweka reki begani, akaingia uwanjani. Usidhani haikumuuma. Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, naye alikuwa anaikanyaga mstari kwa mstari. Mtu mmoja jukwaani akapiga kelele, "Mama, unaharibu!"

"Piga picha!" akajibu bila kugeuka. "Andika chini yake: Ofelia Orduño, kapita!"

Tessa aliwatuma vijana wawili wa ofisini na reki mpya waende kusahihisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza Ofelia alivyofanya. Mchanga hupigwa reki kinyumenyume, ukirudi polepole mpaka ukajikuta nje. Vijana walikwenda mbele kwa bidii, wakifuta nyayo zake na kupanda zao. Waligeuka wakaziona, wakarudi kuzifuta, wakaacha nyingine. Mchana ulipofika uwanja ulikuwa kama soko lililovunjika, na nyingi zilikuwa alama za viatu vya ofisini.

Jioni Tessa alikuja mpaka getini kwa Ofelia, kachoka, mchanga hadi kwenye nywele. Akasimama nje ya ua uliopigwa reki, asijue akanyage wapi.

"Hurudi, naelewa," alisema. "Nionyeshe tu mnavyofuta."

"Hilo nalo sikwambii," Ofelia akasema, akamletea maji.

Jumatatu, watu wa mashamba na wanawake wa ghala walitoka na vyakula vyao mikononi, na hakuna aliyezunguka. Varo alitangulia, akiburuta mguu. Ofelia hakuwa na basi la kuwahi wala kazi ya kwenda. Alivuka nao mpaka kituoni, akaagana nao, akarudi peke yake katikati ya uwanja, akikanyaga kwa nguvu ili nyayo zionekane, za kwenda na za kurudi.